Kifuniko cha Rejeta na Gharama ya Injini

Miongoni mwa magari yaliyokwisha kutumika ambayo huletwa Afrika ya Mashariki kutoka Japani, Toyota TownAce Noah ni mojawapo ya yanayojulikana sana. Gari hilo, lililoanza kuuzwa mwaka 1996, hupendwa na familia kwa sababu lina nafasi ya watu wanane. Hata hivyo, mara nyingi mnunuzi wa gari kuukuu la namna hiyo hupatwa na tatizo ambalo mafundi huliita "kuchemsha". Tatizo hilo huweza kuanzia katika kipuri cha bei ndogo na kuishia katika kuharibika kwa injini nzima. Sababu zake zaweza kuelezwa kwa fizikia ya shule ya sekondari.

Mzunguko wa maji

Sehemu tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayosukuma gari. Iliyo kubwa zaidi hugeuka kuwa joto. Pampu huzungusha maji ndani ya injini yakachukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, ambako hewa huyapoza. Mlango uitwao thamostati hufunguka maji yafikapo karibu nyuzi 85 za Sentigredi. Katika Noah injini imo chini ya viti vya mbele, ilhali rejeta iko mbele kabisa ya gari. Kwa hiyo maji husafiri katika mipira mirefu, na kila kiungio ni mahali panapoweza kuvuja bila dereva kuona.

Kazi ya kifuniko

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Springi yake huzuia mvuke usitoke, na hivyo huongeza kanieneo ndani ya rejeta. Kanieneo linapokaribia mara mbili ya lile la hewa ya kawaida, maji hayachemki mpaka yafikie karibu nyuzi 118. Mpira wa kifuniko ukichakaa, faida hiyo hupotea. Pwani, maji yatachemka kwa nyuzi 100; Iringa, penye mwinuko wa zaidi ya meta 1,500, yatachemka kwa nyuzi 95 hivi. Gari lenye abiria wanane linalopanda mlima Kitonga hufikia kiwango hicho kwa urahisi.

Metali mbili zisizotanuka sawasawa

Injini ya petroli ya lita 2.0 ya gari hilo ina bloku ya chuma cha kusubu na kichwa cha alumini. Meta 1 ya alumini hurefuka kwa milimita 0.023 kwa kila ongezeko la nyuzi 1. Chuma hicho hurefuka kwa milimita 0.012 hivi. Kipande cha sentimeta 40 kikipata ongezeko la nyuzi 120, hesabu ni hizi:

Alumini: 0.023 × 0.4 × 120 = milimita 1.10
Chuma: 0.012 × 0.4 × 120 = milimita 0.58

Tofauti ni zaidi ya nusu milimita. Kwa kuwa kichwa kimebanwa kwa bolti, hakiwezi kutanuka kwa uhuru. Hupinda, na gasketi iliyo kati ya metali hizo huharibika. Ndipo maji huingia katika oili, ikageuka rangi kama chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito hutoka nyuma ya gari.

Ngazi za gharama

Kubadilisha kifuniko, mpira au thamostati ni kazi fupi. Gasketi yenyewe si ghali mno, lakini kuifikia hulazimu kichwa kifunguliwe na kisawazishwe kwa mashine, na oili na maji vibadilishwe. Kichwa kikipasuka, hapana budi kununua kingine au injini nzima. Kung'oa thamostati, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, hakuponyi ugonjwa: injini hukawia kupata joto lake, hutumia mafuta zaidi, na chanzo hubaki palepale.

Mnunuzi na akague injini ikiwa baridi. Maji yenye kutu huonyesha kwamba maji ya bomba yalitumika badala ya kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto: kanieneo hushuka ghafla, maji yaliyopita nyuzi 100 huchemka papo hapo na kumrukia mtu usoni. Wala mshale wa joto usiaminiwe peke yake, kwani maji yakiisha, kipimo hubaki ndani ya mvuke na huweza kuonyesha joto dogo kuliko lililopo.

Zoezi

1. Eleza kwa nini gari huweza kwenda vizuri Dar es Salaam lakini likachemsha Iringa.
2. Kokotoa tofauti ya mtanuko iwapo kichwa na bloku vyote vingekuwa vya alumini na vyenye joto sawa.
3. Ulizia katika karakana bei ya kifuniko na gharama ya kutengeneza kichwa cha injini. Ya pili ni mara ngapi ya ile ya kwanza?