Simu Kukatika na "Mteja Hapatikani": Namna ya Kutambua Tatizo Lilipo

Watumiaji wengi wanapotueleza kwamba simu zao hukatika, huanza na hukumu: mtandao ni mbovu, au simu imechoka. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa baada ya fedha kutumika. Betri imebadilishwa, fundi amelipwa, laini mpya imenunuliwa, na mazungumzo bado yanakatika katikati. Katika somo hili tunaeleza namna ya kujibu swali moja kabla ya kufungua pochi: je, tatizo lipo mahali ulipo, kwenye kifaa, kwenye laini, au kwenye mipangilio?

Tuanze na mnara. Simu ya mkononi ni redio ndogo inayotuma na kupokea. Katika teknolojia ya 2G, mnara wa kawaida hauwezi kuihudumia simu iliyo mbali zaidi ya takribani kilomita 35, hata kama hakuna mlima wala mti katikati. Aidha, nguvu ya simu yako ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mnara. Katika masafa ya megahazi 900 ya 2G, simu ya kawaida haizidi wati 2. Vistari unavyoviona juu ya kioo huonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu. Ndiyo maana unaweza kuwa na vistari vya kuridhisha, ukamsikia mwenzako vizuri kabisa, huku yeye akirudia "haloo, haloo" mpaka simu inakatika.

Paa la bati huzuia na kurudisha mawimbi, na kuta nene za zege huyapunguza. Simu inayokatika chumbani na kutulia barazani haihitaji fundi. Mvua husingiziwa kuliko inavyostahili: katika masafa yanayotumiwa na simu nyingi, matone yenyewe hupunguza mawimbi kwa kiasi kidogo. Yanayotokea wakati wa dhoruba ni mambo mengine, kama umeme kukatika mnarani au kiungo kinachounganisha mnara mmoja na mwingine kuyumba.

Kwa msafiri, minara hupokezana simu yake njiani. Mnara wa mbele ukiwa umejaa, au pakiwa na pengo kati ya minara miwili, mazungumzo hukatika. Simu ikikatika kwenye kona ileile ya barabara kila siku, andika jina la kona hiyo. Ni taarifa yenye thamani kwa mtoa huduma kuliko malalamiko marefu. Ikikatika baada ya dakika zilezile kila mara, popote ulipo, mnara hauhusiki sana. Angalia salio, muda wa kifurushi chako na masharti yake.

Jaribio linalotenganisha kifaa na laini ni jepesi. Mkiwa mahali pamoja na mtu wa nyumbani anayetumia mtandao uleule, piga simu tatu kwa simu yako na laini yako. Kisha badilishaneni laini na mpige tena. Tatizo likifuata simu, kifaa chako kina hitilafu. Likifuata laini, omba mtoa huduma aikague au akubadilishie kadi. Likizikumba simu zote mbili na laini zote mbili, hapo mahali ndipo penye tatizo. Fanya jaribio hili na mtu unayemwamini tu, kwa kuwa laini yako ndiyo ufunguo wa fedha zako za simu.

Sasa tuje kwenye sauti ambayo imevunja urafiki na biashara nyingi: "Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Anayedai humwona anayedaiwa kuwa amezima simu makusudi. Mnunuzi wa Kariakoo anayemtafuta mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hungoja kidogo, kisha humpigia mkulima mwingine. Kumbe mkulima yule alikuwa na simu yake mkononi, imewaka, ina chaji.

Sababu inayosahaulika zaidi ni laini mbili katika simu moja. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja tu ya mazungumzo. Laini zote mbili hungoja simu kwa pamoja, lakini unapozungumza kwa laini ya kwanza, ya pili hupotea hewani mpaka utakapomaliza. Anayekupigia kwa laini hiyo ya pili wakati huo huambiwa hupatikani, wala hasikii kwamba unatumika. Kwa mtu anayeishi kwa simu, kama dalali au dereva wa bodaboda, mazungumzo ya nusu saa kwenye laini moja ni nusu saa ya kufunga mlango wa laini nyingine.

Sababu ya pili ni mipangilio ya mtandao. Baadhi ya watumiaji, kwa kutafuta intaneti yenye kasi, huiamuru simu itumie 4G pekee. Endapo simu au laini haijawezeshwa kupiga sauti kupitia 4G, hulazimika kushuka hadi 3G au 2G ili kupokea simu. Ukiizuia kushuka, intaneti itafanya kazi vizuri na simu hazitaingia. Rudisha mpangilio unaoiruhusu simu kuchagua yenyewe. Hali ya ndege nayo huisahaulisha simu minara yote, ilhali "Usinisumbue" hunyamazisha mlio tu. Katika hali hiyo anayepiga husikia simu ikiita bila kupokewa.

Sababu ya tatu inahitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Mtandao una huduma ya kuhamisha simu, ambayo simu nyingine huiita kusambaza simu. Kwa huduma hiyo, simu inayokuja kwako hupelekwa kwenye namba nyingine au kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti, pale mtoa huduma anapokuwa nacho. Uhamisho waweza kuwa wa simu zote, au wa zile tu zinazokuja ukiwa unazungumza, usipopokea, au usipopatikana. Mpangilio huu huhifadhiwa kwenye mtandao, si ndani ya simu. Kununua simu mpya hakuuondoi.

Kwa mitandao mingi, piga *#21# kuona kama simu zako zote zinahamishwa, *#67# kwa wakati unapozungumza, *#61# kwa usipopokea, na *#62# kwa usipopatikana. Kuangalia hakubadilishi chochote. Ukiona namba usiyoitambua, usiharakishe kudhani ni mwizi. Yaweza kuwa namba ya kisanduku cha sauti cha mtoa huduma wako, naye ndiye wa kukuthibitishia. Kufuta uhamisho wote, piga ##002#. Fahamu kwamba amri hiyo hukiondoa pia kisanduku cha sauti.

Wapo wanaolalamika kwamba simu huita kidogo tu kisha anayepiga anapelekwa kwenye ujumbe wa sauti. Muda wa kungoja huweza kuwekwa kati ya sekunde 5 na 30, kwa hatua za sekunde tano tano. Omba mtoa huduma auongeze hadi 30. Mjulishe pia anayekupigia kwamba kisanduku cha sauti kikishapokea, simu huhesabiwa kuwa imepokewa, na kwa kawaida hulipiwa.

Tahadhari: matapeli hutumia huduma hii. Mtu hukupigia akijitambulisha kama mfanyakazi wa kampuni ya simu, akakuomba ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani ili "kurekebisha mtandao". Ukitii, simu zako zote huenda kwake, pamoja na zile zinazosoma namba za siri za uthibitisho kwa sauti. Usibonyeze namba yoyote kwa maelekezo ya aliyekupigia. Na endapo laini yako itapoteza mtandao ghafla na kwa muda mrefu ilhali majirani wenye mtandao huohuo wanapiga, mpigie mtoa huduma mara moja kwa simu nyingine. Huenda laini yako imesajiliwa upya kwa mtu mwingine. Piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tunawasihi pia wasomaji wasifunge vifaa vya kuongeza mawimbi vinavyouzwa bila idhini. Kifaa kimoja kibovu juu ya paa chaweza kuuingilia mnara na kukata simu za mtaa mzima.

Ukijiridhisha kwamba tatizo si simu yako wala mipangilio yako, wasiliana na mtoa huduma kwanza. Usiseme "mtandao unasumbua" tu. Taja tarehe, saa, mtaa au kijiji, namba iliyopiga na iliyopigiwa, ulikuwa ndani au nje, na kilichosikika kabla ya simu kukatika. Matukio matano yaliyoandikwa hivyo humwezesha fundi wa mtandao kuutambua mnara husika. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na uitunze. Usiporidhika na majibu, au yasipokuja, wasilisha lalamiko kwa maandishi kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiambatisha orodha hiyo pamoja na namba ya kumbukumbu.