HANA NA SEHEMU MARADUFU
Somo: 1 Samweli 1:1–18

Kila mwaka kule Shilo Elkana alimpa Hana sehemu maradufu, kwa sababu alimpenda. Hana alilia, hakula. Wengi wetu tuko upande wa pili: tunalia na tunakula. Lakini mzizi ni mmoja. Tumbo limepewa kazi ya moyo.

Unatoka soko la Homa Bay jioni, omena haijauzika, na kesho kikundi kinangoja marejesho. Mchana ulikula vizuri. Bado unapita kibandani, unachukua mandazi manne na soda, unamaliza kabla ya kufika stegi. Hiyo si njaa. Njaa huja polepole, na hata ugali na mboga ya jana huituliza. Huzuni huja ghafla, inataka kitamu au cha mafuta. Mtu akikaa na mawazo mazito, mwili hutoa homoni ya kotisoli, nayo huongeza hamu ya vitu hivyo. Vinatuliza kweli, ila kwa muda mfupi. Sisi tuliosomea biashara tunaujua mkopo wa aina hiyo.

Inaanzia wapi? Hilde Bruch, daktari wa akili aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, aliandika mwaka 1973 kwamba mtoto akilishwa kila anapolia, hata kama shida ni baridi au woga, hukua bila kujua kutofautisha njaa na hisia nyingine. Hebu jiulize tumesema mara ngapi, "Nyamaza nikupe mandazi." Tena Migori na Homa Bay tumezika sana. Matanga yana sufuria kubwa, na mjane anaambiwa ale, ajikaze. Nani alikaa naye akamsikiliza?

Wengine huita hili pepo la ulafi, wanampangia mtu siku saba za kufunga. Mimi sikubali. Akifungua atakula mara mbili, aone aibu, na aibu imrudishe kwa sufuria. Na mwenye sukari anayetumia dawa asifunge kabla ya kuongea na daktari.

Hana alimwaga yote mbele za Mungu, mpaka Eli akadhani amelewa. Ndipo akala, na mtoto bado hajapatikana.

Wiki hii chukua daftari, kama lile la mauzo. Kila ukila bila njaa, andika saa, ulichokula, na kilichotokea kabla. Usijihukumu, andika tu. Kwenye ushirika wa nyumbani mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, muombee safu ya tatu, si ya pili.