Salfaiti Kwenye Divai: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Chupa

Kwenye lebo ya nyuma ya karibu kila chupa ya divai inayouzwa katika supamaketi na maduka ya vileo humu nchini kuna maneno madogo ya Kiingereza, "Contains Sulphites", yaani kinywaji hiki kina salfaiti. Wanunuzi wengi huyapita bila kuyasoma, na wengine huyasoma wakadhani ni onyo la sumu. Kwa walio wengi maneno hayo hayana uzito mkubwa. Kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa wa pumu, hakuna maneno muhimu zaidi ya hayo kwenye chupa nzima.

Salfaiti ni kundi la kemikali zinazotokana na salfa. Mojawapo ni gesi ya salfa dayoksaidi, ile yenye harufu kali inayopanda puani mtu anapowasha kiberiti. Kwenye orodha ya viambato vya vyakula, kundi hili hutambulika kwa namba zinazoanzia E220 hadi E228. Watengenezaji wa divai huzitumia kuzuia hewa isiharibu rangi na ladha, na kuzuia bakteria ambao wangeigeuza divai kuwa siki ikiwa bado ghalani. Zaidi ya hayo, hamira yenyewe hutoa salfaiti kidogo wakati maji ya zabibu yanachachuka. Ndiyo maana ni vigumu kupata divai isiyo na salfaiti hata chembe, hata kama mtengenezaji hakuongeza chochote.

Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka salfaiti itajwe kwenye lebo inapofika miligramu 10 kwa kila kilo ya chakula au kinywaji. Tatizo ni kwamba maneno ni yale yale, chupa iwe na miligramu 15 au 180 kwa lita. Mnunuzi anayetafuta chupa yenye salfaiti kidogo hana budi kuangalia mambo mengine.

La kwanza ni aina ya divai, na hapa wengi hukosea. Inadhaniwa kuwa divai nyekundu ndiyo yenye salfaiti nyingi, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kwa maumivu ya kichwa. Ukweli ni kinyume. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na maganda hayo huipa tanini, ambazo huisaidia kujikinga na hewa. Divai nyeupe haina kinga hiyo, hivyo huongezewa salfaiti zaidi. Divai tamu ndiyo hupewa nyingi kuliko zote, kwa sababu sukari iliyobaki inaweza kuanza kuchachuka tena ndani ya chupa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaonyesha mpangilio huo waziwazi: divai nyekundu isiyo na sukari isizidi miligramu 150 kwa lita, nyeupe isiyo na sukari isizidi 200, na baadhi ya divai tamu sana zinaruhusiwa kufika 400. Kwa hiyo anayependa divai tamu ya kunywewa na keki ndiye mwenye sababu zaidi ya kuwa mwangalifu. Divai ya boksi nayo mara nyingi huongezewa salfaiti zaidi, kwani mfuko wa plastiki ulio ndani hupitisha hewa kuliko chupa.

La pili ni maneno mengine ya lebo. "No Added Sulphites" maana yake ni kwamba mtengenezaji hakuongeza salfaiti. Si kwamba hazimo kabisa. Neno "Organic" lina maana tofauti kulingana na chupa ilikotoka. Divai inayoitwa hivyo Marekani haikuongezewa salfaiti, lakini ya Ulaya inaweza kuwa nazo hadi miligramu 100 kwa lita ikiwa nyekundu na 150 ikiwa nyeupe, pale isipokuwa na sukari. Afrika Kusini wapo watengenezaji wanaotumia mbao za rooibos, mmea ule wa majani ya chai, kuikinga divai badala ya salfaiti. Chupa za namna hii huharibika upesi zikishafunguliwa, kwa hiyo ziwekwe kwenye friji na zimalizwe kwa siku chache.

Bei haionyeshi chochote kuhusu salfaiti. Kuimimina divai kwenye jagi na kuiacha ipigwe na hewa hakuziondoi kwa kiasi cha kumtosha mtu ambaye mwili wake haupatani nazo.

Je, kiasi gani ni kingi? Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka kipimo cha miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 60 anafikia kipimo chake kwa miligramu 42. Glasi ya mililita 150 ya divai nyeupe yenye miligramu 200 kwa lita inampa 30, na glasi ya pili inamvusha. Divai nyingi huwa chini ya kiwango hicho cha juu, lakini hesabu inaonyesha kuwa glasi si jambo dogo mtu akizingatia anachokula siku hiyo hiyo.

Maana salfaiti haziko kwenye divai peke yake. Aprikoti zilizokaushwa zinaruhusiwa kuwa na hadi miligramu 2,000 kwa kilo, kiasi ambacho hakuna divai inayokikaribia. Zimo pia kwenye zabibu kavu za rangi ya dhahabu, kwenye baadhi ya kamba wa baharini ili maganda yasiwe meusi, na kwenye baadhi ya juisi nzito za kuchanganya na maji, ambazo watoto hunywa kila siku. Mzazi wa mtoto mwenye pumu atazame E223 kwenye chupa ya juisi. Hiyo ndiyo sodiamu metabaisalfaiti, jina ambalo Wakenya walilisikia kwa mshtuko mwaka 2019, habari zilipotoka kwamba ilikuwa ikitiwa kwenye nyama madukani ili ionekane mbichi.

Kuhusu kuumwa na kichwa, ushahidi dhidi ya salfaiti ni dhaifu. Pombe yenyewe hupunguza maji mwilini, na divai nyekundu ina histamini na vitu vingine vinavyochunguzwa. Anayekula aprikoti kavu bila kuumwa kichwa lakini akaumwa baada ya divai atafute sababu kwingine, na kupunguza glasi ndiyo hatua ya kwanza.

Kwa mwenye pumu dalili ni tofauti, na huja ndani ya dakika chache: kifua kubana, kukohoa, pumzi kutoa mluzi, wakati mwingine vipele vya kuwasha. Gesi inayotoka kwenye kinywaji huvutwa pamoja na pumzi na kuwasha njia za hewa. Si kila mwenye pumu huathirika. Walio hatarini zaidi ni wale ambao pumu yao haijadhibitiwa vizuri. Aliyewahi kubanwa kifua baada ya divai asijipime mwenyewe nyumbani kwa glasi nyingine. Amwone daktari, na aende na chupa au picha ya lebo. Kifua kikibana, atumie inhela yake mara moja, na asipopata nafuu apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri kuone kama hali itatulia.

Yote hayo yanategemea lebo iwe ya kweli. Chupa ghushi inaweza kuandikwa lolote. Kabla ya kulipa, mnunuzi akague stempu ya ushuru ya KRA kwa programu ya simu ya Soma Label, na stempu isiyotambulika airipoti.