Albamu ya Sita: Somo la Kuhamisha Ujuzi

Mwanachuo mwenzangu, mwaka jana nilienda mazoezi ya kufundisha nikiwa nimejiapiza: yule muuza mitumba wa mnadani abaki nyumbani, huku anakuja mwalimu. Siku ya kwanza, Kidato cha Pili, nilisoma notisi zangu mwanzo mwisho. Nusu ya darasa walisinzia. Jioni nilifikiria kuacha kabisa ualimu.

Kilichonirudisha ni mfano wa Sabrina Carpenter. Wengi wetu tulimjua 2024 kwa "Espresso", tukadhani kaibuka tu. Wapi! Mmarekani huyu alikuwa mwigizaji wa televisheni. Kuanzia 2014 hadi 2017 alicheza kama Maya katika tamthilia ya Girl Meets World. Albamu ya kwanza aliitoa 2015, akiwa na miaka 15. Short n' Sweet, iliyoshika namba moja Marekani 2024, ni ya sita. Grammy zake za kwanza, mbili, alizipata Februari 2025. Hiyo ni karibu miaka kumi.

Kwenye saikolojia ya elimu, ujuzi wa mahali pamoja kuathiri ujifunzaji wa mahali pengine huitwa uhamishaji wa ujifunzaji. Una pande mbili.

Kwanza, uhamishaji chanya: ujuzi wa zamani unakusaidia. Video ya wimbo wake "Taste" ni kama filamu fupi. Uigizaji haukutupwa, umehamia kwenye muziki.

Pili, uhamishaji hasi: zoea la zamani linakukwamisha. Mwigizaji husema maneno aliyoandikiwa na wengine. Mwimbaji anayetaka kusikika yeye mwenyewe lazima ajifunze kuandika. Nyimbo zote za Short n' Sweet, Carpenter ameshiriki kuziandika.

Basi wiki ya pili nikamruhusu muuza mitumba aingie darasani. Mnadani nilizoea kumsoma mteja usoni, nikajua nani anataka na nani anapita tu. Nikaweka notisi chini, nikaanza na swali, nikatembea kati ya madawati. Mikono ikaanza kunyooshwa. Ila nilipopaza sauti kana kwamba nanadi suruali, msimamizi akaniandikia nipunguze. Hapo ndipo nilipouelewa uhamishaji hasi, kuliko nilivyouelewa kwenye mtihani.

Kabla hujaenda mazoezini, chora safu mbili: ujuzi wa kubeba na mazoea ya kuacha. Na ukiboronga siku ya kwanza, usifungashe mizigo. Hiyo ni albamu ya kwanza tu.