Somo: Kununua na Kuuza Samani Zilizotumika

Wanakikundi wengi wa kuweka na kukopa hutuuliza ni biashara gani wanaweza kuianza kwa mkopo mdogo, mbali na mandazi ambayo majirani watatu tayari wanauza. Katika somo hili tutazame samani zilizotumika: vitanda, makabati, meza na viti. Mifano yetu ni ya Dar es Salaam, lakini aliye Mwanza au Mbeya ataweza kuitumia.

Wateja ni nani?

Mpangaji mpya mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Akishalipa, hana tena fedha ya kitanda kipya cha mninga kutoka kwa mafundi wa Keko. Wakati huohuo yupo mtumishi aliyehamishiwa mkoani ambaye kusafirisha kabati kutamgharimu kuliko thamani yake. Wewe unasimama kati ya hao wawili.

Chunguza kabla ya kutoa fedha

Nenda mchana, na kitu kitolewe nje kwenye mwanga. Kipindue. Mbele kila kabati limepakwa rangi. Ukweli uko chini na nyuma. Tafuta vitundu vidogo vya bungua. Vitundu peke yake visikutishe, huenda wadudu walikwisha kuondoka. Lakini ukigonga na unga laini ukamwagika, wadudu bado wamo na watahamia kwenye vitu vyako vingine. Hata mninga, unaosifiwa kwa kudumu, huliwa katika ile sehemu nyeupe ya pembeni mwa mti.

Meza na makabati ya mbao za maranda yaliyogandamizwa yana adui mwingine, nayo ni maji. Pitisha kidole ukingo wa chini. Ukikuta pamevimba, achana nalo; hakuna fundi atakayelirudisha. Mguu uliolegea wa mbao nzima, kwa upande mwingine, ni kazi ya gundi na saa moja tu.

Vitanda vichunguzwe kwenye maungio kwa ajili ya kunguni. Kitanda chenye kunguni kifunguliwe nje, maungio yamwagiwe maji yanayochemka, kisha kianikwe juani. Rudia baada ya siku kadhaa, maana mayai yanaweza kubaki. Magodoro ya zamani tunashauri usiyaguse kabisa.

Hesabu ya kweli

Tuseme mama mmoja amenunua kabati kwa shilingi 60,000 na kuliuza 115,000. Anafurahi: faida 55,000! Tumsaidie kuhesabu. Guta la kubeba 8,000. Fundi 10,000. Msasa, vanishi na kitasa 14,000. Limemgharimu 92,000, si 60,000. Limekaa miezi 2 katika banda la kodi ya 20,000 kwa mwezi pamoja na vitu vingine vitatu, hivyo sehemu yake ni 10,000. Fedha za kununulia alikopa kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, nayo ni 6,000. Kilichobaki ni 7,000.

Kama angekubali 110,000 mwezi wa kwanza, kodi ingekuwa 5,000 na riba 3,000, naye angebaki na 10,000. Bei ndogo ya mapema imemzidi bei kubwa ya kuchelewa. Wengi hupata shida kuliamini jambo hili mpaka waliandike wenyewe kwenye daftari.

Kitu hiki ni cha nani?

Hapa ndipo biashara hii inapoweza kukupeleka polisi. Kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa la jinai, na bei ya kutupa inayotajwa usiku ni dalili tosha. Andika hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, simu, maelezo ya kitu na tarehe. Kwa kitu cha thamani, shahidi awe mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Lipo na jambo lisilo la polisi lakini ni zito zaidi. Baada ya msiba, shemeji huja na makochi ya marehemu akiuza haraka, na mjane hajui. Usinunue. Nenda ukamwone mjane mwenyewe, baada ya kikao cha ukoo, akuambie kwa kinywa chake. Ukipoteza mali hiyo kwa mwenzako asiye na swali, kubali kuipoteza.

Someni Mithali 20:14. Mnunuzi anakiponda kitu mbele ya mwenyewe, kisha njiani anajisifu. Sisi tunaonunua na kuuza tunalijua hilo vizuri mno. Kushusha bei kwa sababu ya mguu uliovunjika ni haki. Kuishusha kwa sababu umeona mtoto wa muuzaji anaumwa na fedha zinahitajika leo, hiyo ni habari nyingine.

Kazi ya kikundi

Leteni kiti kimoja kibovu. Kila mmoja akichunguze peke yake na kuandika bei ambayo angekinunua, gharama za kukitengeneza na bei ya kukiuza. Linganisheni. Kisha mjadili: mteja akiuliza kama kiti kilikuwa na bungua, nanyi mmekwisha kukitibu na kukipaka rangi, mtamjibu nini?