KAZI YA MIKONO NA TANGAZO LISILOKULA MTAJI

Somo kwa vikundi



Somo la mwezi huu ni kwa ajili ya wale wanaoishi kwa kazi ya mikono yao: wasukaji wa mikeka na vikapu, wafinyanzi, washonaji, wachongaji na watengenezaji wa sabuni. Katika mkoa wetu wa Tanga watu wa namna hii ni wengi, na kazi yao ni nzuri. Shida yao kubwa ni kwamba kazi inakaa ndani. Mkeka umekwisha, umekunjwa na kuwekwa darini, na ada ya shule inadaiwa.

Zipo semi mbili ambazo sote tumezisikia. Wazee husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wafanyabiashara nao husema, "Biashara ni matangazo." Mtu akishika usemi wa kwanza peke yake, atakaa nyumbani akingoja wateja wasiojua kwamba yupo. Akishika wa pili peke yake, atatumia mtaji wake wote kwa mabango na fulana, halafu akose fedha za kununua ukindu. Yatupasa tuone jinsi semi hizi mbili zinavyoweza kwenda pamoja.

1. Tuanze na hesabu

Kabla ya kutangaza kitu chochote, hatuna budi kujua kinatugharimu nini. Tuchukue mfano wa kikapu kimoja cha ukindu. Bei hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke bei za mahali pake.

Ukindu Sh. 3,000, rangi Sh. 500, mipini Sh. 1,500, nauli ya kwenda sokoni Sh. 500. Jumla ni Sh. 5,500. Tukiuza kikapu hicho kwa Sh. 12,000, inabaki Sh. 6,500. Wengi huziita fedha hizo faida. Lakini kikapu kimechukua siku mbili za kusuka ukili na kuushona, na siku hizo ni za mtu. Hizo Sh. 6,500 ni ujira wa mikono kwanza. Tukizitumia zote kwa matangazo, tumefanya kazi bure.

Basi twashauri hivi: katika kila kikapu kilichouzwa, tutenge Sh. 500 tu kuwa fungu la matangazo. Msukaji anabaki na Sh. 6,000, yaani Sh. 3,000 kwa kila siku ya kazi. Kikundi cha watu kumi, kila mmoja akiuza vikapu vitatu kwa mwezi, kitapata Sh. 15,000 za matangazo kila mwezi. Kama mchora mabango anataka Sh. 60,000, sasa twajua maana yake: ni fungu la miezi minne, au vikapu 120. Tujiulize, je, bango hilo litaleta wateja wa kutosha kulipa jasho hilo? Pengine ndiyo, kama litasimama mahali wanapopita watu wanaonunua vikapu. Pengine hapana, kama litasimama mlangoni petu, ambapo wapitao ni majirani wanaotujua tayari.

Jambo moja zaidi: tusikope fedha za VICOBA au za benki kwa ajili ya kutangaza. Mkopo wa kununua ukindu hurudi pamoja na kikapu. Mkopo wa bango haurudi kwa njia iliyo wazi, lakini marejesho yake yana tarehe.

2. Kitu chenyewe kiseme

Tangazo la kwanza, nalo ni la bei nafuu kuliko yote, ni lile linaloondoka pamoja na mnunuzi. Tuziangalie kanga zetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zimejulikana pwani yote kwa alama yake, "K.H.E. – Mali ya Abdulla," iliyochapwa kwenye nguo yenyewe. Mama akinunua kanga hiyo na kuivaa kwenda arusini, jina la muuzaji linakwenda naye, na yeyote anayeipenda aweza kusoma imetoka wapi.

Sasa tuangalie vikapu vyetu. Mgeni ananunua kikapu Muheza na kwenda nacho Dar es Salaam. Jirani yake anakipenda na kuuliza, "Umekitoa wapi?" Naye anajibu, "Tanga huko, njiani." Hapo mteja wa pili amepotea, na labda pamoja naye wa tatu na wa nne.

Dawa ya jambo hili ni lebo ndogo. Si lazima itengenezwe kiwandani. Karatasi moja ngumu ikipigwa chapa na kutolewa nakala, yaweza kukatwa vipande kumi na viwili au zaidi. Kila kipande kitobolewe na kufungwa kwenye mpini kwa uzi. Wenye mashine ya kushona waweza kugonga muhuri wa mpira juu ya kitambaa cheupe, wakakishonea ndani ya kikapu, mahali ambapo hakitang'oka upesi. Lebo iwe na mambo manne: jina la kikundi, mahali kilipo, namba ya simu isiyobadilika, na maneno machache juu ya kitu chenyewe, kwa mfano: "Ukindu, umesukwa kwa mkono. Usiloweke majini. Anika kivulini." Maneno hayo ya mwisho yana kazi kubwa, kwa maana kikapu kilichotunzwa vizuri kinaendelea kututangaza kwa miaka mingi, lakini kilichooza kinatutangaza vibaya.

Tena lebo haiwezi kuokoa kazi mbovu. Kikapu kikichuja rangi juu ya gauni la mtu, namba ya simu itatumika kutulaumu. Hapa ndipo wazee walipokuwa na haki: kizuri kwanza.

3. Twende wanakopita wanunuzi

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, alianza kuchora picha zake Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na fedha za vifaa vya gharama. Alichora juu ya vipande vya mbao nyembamba za kiwandani, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Lakini hakuzificha picha hizo nyumbani, wala hakungoja apate duka. Alizipeleka nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni waliokaa mjini walikuwa wakija kununua mahitaji yao. Wale watu walikuwa na fedha mkononi na walipenda picha. Kazi yake ilikuwa kuziweka mbele ya macho yao. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo. Hata hivyo wanafunzi wake waliendelea, mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na mpaka leo mtindo ule wa uchoraji unaitwa kwa jina lake.

Twajifunza nini? Kwamba kuchagua mahali ni nusu ya tangazo, na mara nyingi hakugharimu kitu ila fikira na miguu. Barabara yetu kutoka Tanga kwenda Segera na Korogwe hupitiwa na mabasi mengi kila siku. Lakini abiria wa basi ana dakika chache tu na nafasi ndogo. Hatanunua mkeka wa chumba kizima. Atanunua kapu dogo, kipepeo, kofia, au kawa ya kufunikia chakula. Mkeka mkubwa hutafutwa na mtu mwenye arusi, mwenye nyumba mpya, au mwenye nyumba ya kulala wageni. Wageni wanaopanda kwenda msitu wa Amani hupitia Muheza, nao hupenda kitu chepesi cha kuchukua katika mzigo. Na siku ya mavuno, watu wanapokutana uwanjani baada ya ibada, kila mmoja anatafuta chombo cha kubebea alichonunua mnadani. Kila kitu kina mahali pake na siku yake.

Njia nyingine ni kuweka vitu dukani kwa mali kauli, yaani mwenye duka anachukua sasa na kulipa vikiisha kuuzwa. Njia hii ni nzuri kwa kikundi kisicho na duka, ila ina hatari zake. Tuweke vichache, vitano au sita. Tuandike karatasi mbili zenye idadi, bei, fungu la mwenye duka, na siku ya kukutana kuhesabu. Kila upande utie sahihi na kubaki na nakala yake. Tukienda siku hiyo bila kukosa, hata rafiki mwema atakumbuka deni lake.

4. Simu iliyo mkononi

Wengi wetu sasa tunazo simu zenye kamera, au mtoto nyumbani anayo. Picha nzuri haidai fedha, bali uangalifu. Tupige picha asubuhi, nje, mahali penye mwanga lakini si juani. Nyuma pawe na ukuta safi au kitambaa cha rangi moja. Tuondoe ndoo, kuku na nguo zilizoanikwa. Kitu kiwe kimoja, na kando yake tuweke kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama chungwa, ili mtu aone kipimo. Chini ya picha tuandike bei, ukubwa, na mahali tulipo. Picha isiyo na bei huleta maswali ishirini na mnunuzi mmoja.

Tusiwachoshe watu kwa kutuma picha kila saa. Mara mbili kwa wiki yatosha. Badala ya kununua bando kila mtu, kikundi kichague mtu mmoja mwaminifu, mwepesi wa kujibu, naye alipiwe bando katika lile fungu la matangazo. Mteja aliyeuliza asubuhi akajibiwa kesho yake amekwisha kununua kwingine.

Tena tuwe na daftari la wateja: jina, simu, alichonunua, tarehe. Mtu aliyekwisha kununua na kuridhika ndiye mtangazaji wetu bora, kwa kuwa anasema bila kulipwa, na jirani zake wanamwamini. Baada ya mwezi mmoja tumpigie na kumwuliza kama kikapu kingali kizima. Kama mpini umekatika, tumrekebishie bila malipo. Uzi wa Sh. 200 waweza kuleta mteja wa Sh. 12,000.

5. Tangazo likifanikiwa kupita kiasi

Wengi huogopa kwamba tangazo halitaleta mtu. Ni wachache wanaojiuliza, "Je, likileta?" Tuseme mwenye hoteli ameona picha, akaagiza vikapu 200 kwa mwezi mmoja. Kikundi cha watu kumi, kila kikapu kikichukua siku mbili, na kina mama hao wana mashamba na watoto, hakiwezi. Wakikubali kwa furaha, watasuka usiku, watashona ovyo, na vikapu vitatofautiana ukubwa. Hoteli itavikataa, na ukindu umekwisha kununuliwa.

Basi kabla ya kutangaza tukubaliane twaweza kutoa vingapi kwa mwezi bila kuharibu kazi, na tuseme hivyo waziwazi. "Twaweza 40 kila mwezi kwa miezi mitano" ni jibu la heshima. Tutake nusu ya fedha kwanza, kwa maandishi. Na kila msukaji awe na kijiti cha kipimo kilichokatwa sawasawa, cha urefu na cha upana, ili vikapu vya mikono kumi vifanane.

6. Maonyesho

Sabasaba hufanyika Dar es Salaam mwezi wa Julai, na Nanenane mwezi wa Agosti. Mkoa wetu ni wa kanda ya mashariki, ambayo viwanja vyake vya Nanenane viko Morogoro. Kwenda huko kuna nauli, malazi na malipo ya meza. Kikundi kimoja kidogo kisiende peke yake. Vikundi vitatu au vinne vyaweza kushirikiana meza moja na kutuma watu wawili. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mkoani. Twende tukaulize juu ya mafunzo na nafasi za maonyesho. Mwaka wa kwanza yafaa mmoja wetu aende kutazama tu, aone bei za wengine na jinsi wanavyopanga vitu vyao. Hiyo nayo ni elimu.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila mmoja alete kitu kimoja alichotengeneza, pamoja na karatasi yenye gharama zake zote na siku alizotumia. Kikundi kitengeneze lebo kumi za kwanza.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika bei tunayouzia sasa, msukaji anabaki na kiasi gani kwa siku? Je, yatosha?
2. Nani walinunua vitu vyetu mwaka uliopita? Twajua namba zao za simu?
3. Tukiwa na Sh. 15,000 tu mwezi huu, tutazitumia kwa jambo gani kwanza, na kwa nini?
4. Ni mahali gani wanunuzi hupita kila siku, nasi hatujawahi kupeleka kitu?
5. Twaweza kutoa vitu vingapi kwa mwezi bila kuharibu kazi? Kila mtu ataje idadi yake, katibu ajumlishe.