Ndege shambani: fusi ya kaliba 12 ama 20?



Upande wa Walikale, kijana mmoja alinifuata kisha mkutano. "Agronome, niko na mbuzi mbili za kuuza. Ninunue fusi ya kaliba gani ju ya ndege?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, ju ndege walikuwa wamemumalizia mpunga karibu wote.

Tuanze na alichouliza. Wengi wanafikiri kaliba 20 ni kubwa kuliko 12. Kumbe ni kinyume. Hesabu ni ya zamani: unachukua ratili moja ya madini ya risasi, gramu karibu 454, unaigawa katika mipira inayoingia sawasawa ndani ya mtutu. Ikitoka mipira 12, fusi ni kaliba 12. Ikitoka 20, kila mpira ni mdogo zaidi na mtutu ni mwembamba zaidi: milimita 15.6 hivi, wakati ule wa 12 uko na 18.5. Kwa anayeanza kuwinda kwale ama kanga, 20 inatosha, na mara nyingi teke lake begani ni dogo. Lakini huku kwetu kartushi zinazozunguka ni za 12, na nyingi ni shevrotini, punje kubwa za paa na nguruwe pori. Kwa ndege mdogo hazifai. Na fusi za bomba za mafundi wa kijiji, usiguse kabisa: bomba linaweza kukupasukia usoni.

Kisha nikamwambia: usinunue. Sheria ya uwindaji ya 1982 na ile ya silaha ya 1985 zinadai ruhusa. Tena hata mwenye karatasi, Masisi na Walikale ya leo, akionekana na fusi kwenye njia ya shamba, nani atamuuliza kwanza kama ni ya ndege? Hilo munalijua kuliko mimi.

Na mpunga wenyewe fusi haiuokoi. Wale ndege wadogo wanakuja kundi kubwa. Ukipiga, wanaruka, kisha kidogo wanarudi, na punje zako zimekata masuke.

Kinachosaidia zaidi ni kupanda pamoja. Shamba linalotoa masuke peke yake, mbele ya mengine ama nyuma, ndilo linabeba ndege wote wa kijiji. Majirani wakipanda wiki moja, hasara inagawanyika. Ulinzi mkali unaanza punje zikiwa na maziwa, mpaka zikauke: asubuhi mapema, na tena kuanzia saa tisa mchana. Mupangiane zamu za watu wakubwa, batoto waende masomo. Utepe wa kaseti za zamani ukivutwa juu ya shamba unalia na upepo; lakini uhamishe kila siku chache, ndege wanazoea haraka. Vunjeni mapema, karibu sehemu nane kwa kumi za punje zikiwa njano.

Kwa mahindi ya Masisi, hatari ni wiki mbili za kwanza. Fukia mbegu sentimita 4 ama 5, usiache hata moja juu ya udongo, ju ile moja ndiyo inawaonyesha njia.

Kijana mbuzi zake ziko bado. Msimu huu amepatana na majirani wanne wapande wiki moja.